Uangavu wa Maji na Haki ya Jirani wa Chini: Ujumi wa Maji ya Mvua katika Mandhari ya Shinkolobwe

Kwa muda mrefu wahandisi wa miji waliyachukulia maji ya mvua yanayotiririka juu ya ardhi kuwa adui wa kufukuzwa upesi: yakusanywe kwenye mitaro, yapitishwe chini ya barabara kwa kalvati, yamwagwe mtoni, na mkazi wa mji asiyaone tena. Katika miongo ya karibuni wasanifu wa mandhari, yaani wataalamu wanaopanga sura na matumizi ya maeneo ya wazi, wameshika msimamo mwingine, kwamba maji hayo yapunguzwe kasi, yapewe nafasi ya kuzama ardhini, yapitishwe kwenye mifereji ya nyasi na mabwawa ya mimea, na zaidi ya yote yaonekane, ili mpita njia ajue kwamba mvua iliyonyesha juu ya paa lake ina safari na ina mwisho. Msimamo huo umezaa ujumi wake, na ujumi ni tawi la falsafa linalochunguza uzuri ni nini, hutambuliwaje, na unamdai nini binadamu. Swali ambalo ujumi huo haujalijibu vya kutosha ni kama mandhari ya maji inaweza kuitwa nzuri pale ambapo uzuri wake unaficha madhara yake. Miji mingi inaweza kulikwepa swali hilo, lakini Shinkolobwe, mahali pa mgodi wa zamani wa urani nchini Kongo, haiwezi.

Shinkolobwe iko kilomita 20 hivi kutoka mji wa Likasi, katika mkoa wa Haut-Katanga, ndani ya nchi ya miombo ambayo hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili na kukaa kavu miezi inayobaki. Mvua ya ukanda huu ni takribani milimita 1,200 kwa mwaka, nayo hushuka kwa kishindo katika dhoruba za alasiri, hivyo kwamba kilima kilichovuliwa miti na nyasi hupoteza udongo wake kwa saa chache. Maji ya upande wa Likasi huelekea mto Lufira, ambao umezuiwa kwa bwawa la Mwadingusha na kufanya ziwa Tshangalele, kisha huendelea hadi Lualaba, ambao ndio mkono wa juu wa mto Kongo. Eneo lote ambalo mvua yake hukusanyika na kuelekea mto mmoja huitwa kidakio, na mtu anayeishi ndani ya kidakio, hata asipouona mto wenyewe, hupokea chochote kilichoachiwa maji na waliomtangulia juu ya mteremko.

Wakazi wa Katanga wamerithi mapokeo mawili ya kidini yanayosaidia kulipima swali lililotajwa. La kwanza ni la Kikatoliki, ambalo Wabenedikto walilijengea shule na parokia Katanga tangu 1910. Katika mapokeo hayo Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, aliweka masharti matatu ya uzuri: ukamilifu, kwamba kitu hakikosi sehemu inayokipasa, uwiano, kwamba sehemu zake zinaoana kwa kipimo kinachostahili, na uangavu, kwamba kitu kinajidhihirisha kwa mtazamaji kama kilivyo. La pili ni la Kiislamu, lililoingia sehemu hizi pamoja na biashara ya pwani katika karne ya 19, na ambalo katika fikihi, yaani elimu ya sheria ya ibada na maisha, linafundisha kwamba maji mengi yaliyo twahara hubaki twahara hata yakiingiwa na najisi, mpaka najisi hiyo itakapobadilisha rangi, ladha au harufu yake. Masharti ya Aquinas yanauliza kama kitu ni kizuri, na kanuni ya fikihi inauliza kama maji yanafaa. Lakini yote mawili yanaziamini hisi za binadamu, kwamba zikitumiwa kwa uaminifu zitamfikisha kwenye ukweli. Shinkolobwe inaitia imani hiyo kwenye mtihani mgumu.

Historia ya mahali hapa inaweza kusomwa yote kwa upande wa maji. Kabla ya ukoloni, Wasanga na majirani zao, ambao maandishi ya kimisionari yaliwaita walaji wa shaba, walichimba na kuyeyusha madini baada ya mavuno, kiangazi kikiwa kimeshika, wakatengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha na mahari katika eneo kubwa la Afrika ya kati. Mvua za kwanza zilipoanguka mashimo yalijaa, tanuri ziliachwa, na watu walirudi mashambani. Mvua ilikuwa kikomo cha kazi, na kikomo hicho kilitiiwa. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilipoundwa mwaka 1906 ilikuja na nguvu ya kukivunja kikomo hicho, kwa kuwa pampu haisubiri kiangazi. Mwaka 1915 mtafutaji madini Robert Rich Sharp aligundua urani huko Shinkolobwe, mwaka 1921 uchimbaji ukaanza, na mawe yakasafirishwa hadi Olen nchini Ubelgiji ili yatolewe radiamu, madini adimu yenye mionzi ambayo hospitali za wakati ule ziliyatumia kutibu saratani.

Mgodi ulisimamishwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, pampu zikazimwa, na maji yakaujaza. Vita vilipopamba moto, Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kilitumwa kuyaondoa maji hayo na kuufungua mgodi upya, wakati tani zipatazo 1,200 za mawe ya Shinkolobwe zilikuwa tayari zimehifadhiwa Staten Island, New York, kwa agizo la Edgar Sengier, mkuu wa kampuni. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa siri wa bomu la atomiki ilitoka Kongo, na tarehe 6 Agosti 1945 Hiroshima ikateketea. Mwaka 1960, uhuru ulipokaribia, mgodi ulifungwa na vinywa vya mashimo yake vikazibwa kwa zege. Miaka ya mwisho ya karne hiyo wachimbaji wadogo, ambao Katanga huwaita kwa jina la Kifaransa creuseurs, walirudi kutafuta kobalti kwa sururu na mikono mitupu. Januari 2004 amri ya rais ililifunga eneo, Julai ya mwaka huohuo kuta za shimo ziliporomoka zikaua watu wasiopungua 8, makazi ya wachimbaji yakabomolewa, na ujumbe wa Umoja wa Mataifa ukaja kuchunguza. Kazi ya madini ilipokoma rasmi, mvua iliendelea na kazi yake.

Kazi hiyo ya mvua ndiyo iliyoipa Shinkolobwe sifa yake ya pili, ambayo haijulikani sana nje ya makumbusho ya mawe. Urani iliyolala chini kabisa ya mgodi ni jiwe jeusi, zito, lisilovutia macho. Maji ya mvua yenye oksijeni yaliyopenya kwenye nyufa kwa muda mrefu usiopimika kwa maisha ya binadamu yaliliyeyusha jiwe hilo kidogo kidogo, yakaichanganya urani na shaba, risasi na silika iliyomo kwenye miamba, kisha yakaiacha igande upya kwa umbo jingine. Matokeo yake ni madini mengi ambayo sayansi iliyaeleza kwa mara ya kwanza kutokana na vipande vya Shinkolobwe, yakiwemo kyuriti ya rangi ya chungwa iliyoiva, kasoliti ya manjano iliyopewa jina la kilima cha Kasolo, na bekereliti inayong'aa kama kaharabu. Katika miamba ya Katanga hupatikana pia kuprosklodowskiti, ambayo hukaa juu ya mwamba kama kichaka cha sindano nyembamba kuliko nywele, za kijani kibichi kabisa, zote zikichipuka kutoka kwenye kitovu kimoja. Anayekitazama kipande hicho chini ya kioo cha kukuza huona uwiano ambao hakuna sonara awezaye kuufikia, na huku kipande chenyewe kinatoa mionzi ambayo haipaswi kukaa karibu na mwili.

Katika kipande hicho swali la ujumi linapatikana likiwa zima. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1790 kuhusu nguvu ya hukumu, alifundisha kwamba furaha ya uzuri ni ile isiyotaka faida wala kumiliki, inayotosheka na kuona tu. Kwa kipimo hicho kuprosklodowskiti ni nzuri, na hakuna haja ya kubisha. Hata hivyo, kipimo cha Kant kinamfaa mtazamaji ambaye kitu hakimgusi, aliye upande wa pili wa kioo cha makumbusho, anayeweza kutazama na kwenda zake. Mtu wa Shinkolobwe hana kioo hicho, kwani hutembea juu ya jiwe, hulivuta puani likiwa vumbi wakati wa kiangazi, na hulipokea katika tope wakati wa mvua. Kwake yeye, hukumu ya uzuri isiyojali madhara ni hukumu iliyotolewa na mtu aliyesimama mahali salama, na falsafa inayoanza kwa kumsahau aliye hatarini haiwezi kuongoza usanifu wa mandhari anayoishi ndani yake.

Kuhusu maji yenyewe, ugumu unazidi. Katika miamba ya dolomaiti, ambayo ni ya jamii ya chokaa, maji yanapoyeyusha kabonati urani huungana nayo na kusafiri ndani ya maji bila kuyatia rangi, ladha wala harufu. Radiamu ina tabia tofauti, kwani hung'ang'ania chembe za udongo na huenda pale tope linapokwenda. Kwa hiyo bwawa la kutuamishia tope, yaani dimbwi pana ambamo maji hupoteza kasi na kuangusha uchafu wake chini, linaweza kuizuia radiamu huku likiiachia urani iliyoyeyuka ipite na maji yaliyo masafi kwa macho. Kanuni ya rangi, ladha na harufu, iliyowahudumia waumini kwa karne nyingi kwenye visima vya pwani na mabirika ya misikiti, hapa haina la kusema, kwa sababu kinachoogopwa hakigusi hisi yoyote kati ya zile zinazotegemewa.

Haifuati kwamba fikihi imeshindwa. Elimu hiyo ina kanuni nyingine iliyo pana zaidi, kwamba hakuna kudhuru wala kulipiza madhara kwa madhara, na wanazuoni waliitumia kuweka mipaka ya kuzunguka visima na mikondo ya maji, ambamo mwenye ardhi hakuruhusiwa kufanya jambo la kuharibu maji ya wengine hata kama ardhi ilikuwa yake. Kanuni ya hisi ilikuwa njia ya kulifikia lengo la kanuni hii. Pale njia inapokatika, lengo linabaki na linadai njia mpya, na njia mpya ni kipimo cha maabara kinachofanywa mara kwa mara na kutangazwa hadharani kwa lugha inayoeleweka. Vivyo hivyo uangavu wa Aquinas haukuwa na maana ya kitu kupenyeka kwa mwanga kama kioo, ulikuwa na maana ya kitu kujidhihirisha kilivyo. Maji maangavu yenye urani hayana uangavu kwa maana hiyo. Mfereji wa maji machafu ya kahawia wenye kibao kinachosema wazi kilichomo ndani yake una uangavu zaidi, na kwa hiyo uko karibu zaidi na uzuri, kuliko dimbwi la buluu lililonyamaza.

Ujumi wa kisasa wa maji ya mvua umejengwa juu ya mwaliko. Mfano wake unaotajwa sana ni bustani ya Bishan-Ang Mo Kio nchini Singapore, ambako mfereji wa zege ulionyooka wa kilomita 2.7 ulivunjwa na kugeuzwa kuwa mto unaopinda kwa zaidi ya kilomita 3 katikati ya nyasi na mawe, kazi iliyokamilika mwaka 2012. Watoto huingia majini, wazee hukaa ukingoni, na mto ukianza kujaa ving'ora na taa huwaonya watu watoke. Mwaliko huo unawezekana kwa sababu maji yanapimwa na onyo liko tayari. Mtu akilihamishia umbo la Bishan juu ya vifusi vya mgodi wa urani bila kuhamisha vipimo na maonyo yake, atakuwa ametengeneza mtego, kwa kuwa bwawa la mimea hukusanya katika tope lake kile kilichooshwa kutoka juu, na kadiri linavyopendeza ndivyo linavyovuta ndege, samaki, mifugo na watoto kwenye mkusanyiko huo.

Wapo waliofikiria ujumi ulio kinyume cha huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Marekani iliwakusanya wataalamu wa lugha, sanaa, elimukale na nyota ili wabuni alama za kuwekwa juu ya ghala la taka za nyuklia katika jimbo la New Mexico, alama zitakazoeleweka kwa miaka 10,000, na baadhi yao walipendekeza mashamba ya miiba mikubwa ya mawe ili mahali penyewe pamtie hofu yeyote atakayefika. Pendekezo hilo lina uaminifu wake, maana linakataa kuipamba hatari. Lakini Shinkolobwe inaonyesha mahali linapopungukiwa. Wachimbaji walioingia huko kabla ya 2004 hawakusukumwa na kukosa kibao cha onyo. Walisukumwa na njaa, baada ya kampuni ya taifa ya Gécamines kudhoofika na mishahara kukauka, na mwenye njaa huruka miiba. Mandhari inayotisha bila kujali riziki ya anayetishwa inaongea naye kama mwizi, ilhali yeye ni mrithi wa ardhi hiyo ambaye urithi wake ulisafirishwa kabla hajazaliwa.

Hapa sharti la ukamilifu linaleta ushahidi mzito kuliko mengine. Baada ya urani kutolewa kwenye mawe ya Shinkolobwe huko Marekani, makapi yake yenye radiamu nyingi yalibaki, na sehemu yake imewekwa Lewiston, katika kaunti ya Niagara, jimbo la New York. Katika miaka ya 1980 makapi hayo yalikusanywa ndani ya muundo maalumu wa kuhifadhia, yakafunikwa kwa tabaka nene la udongo wa mfinyanzi, kisha udongo wa juu, kisha nyasi, na mteremko wa kifuniko ukapangwa ili mvua ikianguka itelemke kando bila kupenya. Nyasi hukatwa, maji ya chini ya ardhi hupimwa, na mwangalizi wa yote hayo tangu mwaka 1997 ni Kikosi kilekile cha Wahandisi kilichoondoa maji mgodini Shinkolobwe wakati wa vita. Kwa macho ni tuta la kijani lisilo na lolote la kusifiwa. Kwa kipimo cha ukamilifu, hata hivyo, ni nusu ya kazi moja ambayo nusu yake nyingine haijafanywa, kwa kuwa makapi ya jiwe yamejengewa paa la kuyakinga na mvua, na shimo lilikotoka jiwe hilo limeachwa wazi chini ya mvua ya Katanga.

Mwanafalsafa Valentin-Yves Mudimbe, aliyezaliwa mwaka 1941 Likasi, wakati huo ikiitwa Jadotville, alieleza katika kitabu chake cha 1988 kuhusu jinsi Afrika ilivyobuniwa na maarifa ya wengine kwamba ukoloni ulifanya kazi kwa njia tatu zilizokamilishana: kutawala nafasi, kuzirekebisha akili za wenyeji, na kuingiza uchumi wa wenyeji katika mpango wa Magharibi. Maji ya mvua yanastahili kuongezwa kwenye uchambuzi huo. Kutawala nafasi ya mgodi kulikuwa pia kutawala maji yake, kuamua yapi yatolewe kwa pampu, yapi yaelekezwe kiwandani, na yapi yaachiwe vijiji. Na mtawala alipoondoka alizima pampu bila kumkabidhi yeyote ramani ya hesabu ya maji. Mandhari iliyobaki ni sentensi iliyokatwa katikati, na usanifu wowote utakaojaribu kuipendezesha kabla ya kuimalizia utakuwa unaendeleza ukimya uleule.

Kuhusu uwiano, hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Dhoruba moja ya milimita 50 ikinyesha juu ya hekta moja ya ardhi tupu huleta lita 500,000 za maji, na mfereji ambao haukupimwa kwa kiasi hicho utageuka korongo. Nchi imelipa gharama ya kukosa uwiano huu. Desemba 2022 mvua ya usiku mmoja jijini Kinshasa iliua watu zaidi ya 100 katika mafuriko na maporomoko ya ardhi, na Mei 2023, katika wilaya ya Kalehe huko Kivu ya Kusini, mito iliyofurika ilivifuta vijiji vya Bushushu na Nyamukubi na kuua zaidi ya watu 400. Katika misiba hiyo maji yalidai nafasi iliyokuwa yao, nayo ilikuwa imekaliwa na watu wasio na pengine pa kwenda.

Shinkolobwe inaongeza uwiano wa aina ya pili, wa wakati. Sheria za Marekani zinazohusu mabaki ya viwanda vya urani zinadai vifuniko vyake vidumu miaka 1,000 inapowezekana, na kwa vyovyote visipungue 200. Radiamu hupungua kwa nusu katika miaka 1,600 hivi, na urani yenyewe katika miaka bilioni 4.5. Hakuna zege, mfinyanzi wala chuma kinacholingana na muda huo, na kwa hiyo kazi nzuri ya maji ya mvua mahali kama hapa haiwezi kuwa kitu kilichojengwa na kuachwa. Lazima iwe desturi, yaani watu wanaorithishana jukumu la kuzibua mfereji kabla ya Novemba, kupanda nyasi zilizokufa, kupima maji na kutangaza matokeo.

Ni katika hili ambapo dini ina neno ambalo uhandisi hauna. Mwaka uleule wa 1945, urani ya Shinkolobwe ilipoiangamiza Hiroshima, kilichapishwa Élisabethville, leo Lubumbashi, kitabu cha mmisionari Mfransisko Placide Tempels kuhusu falsafa ya Kibantu, kilichojengwa juu ya mafundisho aliyoyapata kwa Waluba wa Katanga. Kitabu hicho kimekosolewa vikali na wanafalsafa Waafrika kwa kuwasemea watu wote kwa sauti moja, na ukosoaji huo ni wa haki. Jambo moja lililoandikwa humo, ambalo wazee wa Katanga hawakuhitaji kufundishwa na mgeni, linabaki na uzito: kwamba uhai ni nguvu inayoweza kuongezwa au kupunguzwa, na kwamba aliyetangulia, aliyepo na atakayezaliwa wako katika mnyororo mmoja, hivi kwamba tendo la mmoja huongeza au hupunguza uhai wa wengine. Maji yanayoteremka yanaufanya mnyororo huo uonekane. Aliye juu ya mteremko ni mtangulizi wa aliye chini hata kama wana umri mmoja, na anayeishi leo yuko juu ya mteremko wa anayekuja.

Inaweza kupingwa kwamba kuzungumzia uzuri mahali penye umaskini ni anasa, na kwamba watu wa Likasi wanahitaji maji salama, kazi na barabara kabla ya mandhari. Hoja hiyo ni nzito na inatoka kwa watu wenye haki ya kuitoa. Jibu lake ni kwamba kazi za maji zisizopendwa na mtu hazitunzwi na mtu. Mtaro ulio nyuma ya nyumba, uliojengwa kama jambo la aibu, hugeuzwa jalala, na jalala huziba kalvati, na kalvati iliyoziba huleta mafuriko ndani ya nyumba ileile. Uzuri unaohitajika ni ule unaowafanya watu waione kazi ya maji kuwa yao na waione ikiharibika mapema. Katanga ina kielelezo chake cha asili. Kwenye vilima vyenye shaba miombo hukatika na kuacha maeneo ya wazi, ambamo huota mimea inayoistahimili sumu ya shaba, kama Haumaniastrum katangense, ambayo watafuta madini waliifuata kama dalili ya shaba chini ya ardhi. Mmea huo unapendeza na unasema kweli kwa wakati mmoja. Watafiti wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu nyasi zinazoota juu ya udongo uliochafuliwa kwa shaba, ili mizizi yake iushike udongo usichukuliwe na upepo na mvua, na katika kazi hiyo ya kisayansi uko mwanzo wa ujumi ambao Katanga haihitaji kuukopa popote.

Kutokana na yote hayo hukumu inaweza kutolewa. Mandhari ya maji ya mvua ni nzuri inapotimiza mambo matatu pamoja: inapomhesabu jirani wa chini kuwa sehemu ya kazi yenyewe, inapolingana na mvua na wakati, na inapomwambia mtazamaji kweli hata pale ambapo macho yake peke yake yasingemwambia. Huko Shinkolobwe masharti hayo yana maana ya vitendo: mitaro ya kuyazuia maji ya juu yasipite kwenye vifusi, kifuniko cha mfinyanzi na nyasi zinazostahimili ardhi hiyo, mabwawa ya tope yaliyozungushiwa uzio na kutangazwa kuwa si ya kuvulia wala kuogea, alama kwa Kiswahili, Kisanga na Kifaransa, na vipimo vya maji vinavyosomwa hadharani makanisani, misikitini na shuleni Likasi kila mwaka mvua zinapoanza na zinapokwisha. Gharama yake haipaswi kuachiwa Likasi peke yake, kwa kuwa waliochukua jiwe wanajulikana kwa majina, na tuta lililoko Lewiston linathibitisha kwamba njia ya kulikinga jiwe hilo na mvua wanaijua na wameshaitumia kwao. Viongozi wa dini, wahandisi na wasanifu wa Kongo wana wajibu wa kulidai jambo hilo kwa jina la haki na kwa jina la uzuri, na wasikubali kuchagua kimoja na kukiacha kingine.